Mkono Unakusalimia

Siku Kocha alipomwita dada yangu mwoga mbele ya kamera, baba alikuwa anamnyoa mteja. Televisheni ya saluni yetu imetundikwa juu ya kioo kikubwa, kwa hiyo mteja aliona kila kitu kwa kuinua macho tu. Baba akaacha wembe hewani.

"Ongeza sauti," akaniambia.

Nikaongeza. Kocha alikuwa amekaa nyuma ya rundo la maikrofoni, shati jeupe limenyooka, miwani ya jua ameipandisha kichwani. Mwandishi mmoja wa habari alikuwa ameuliza kwa nini ameachana na Nyundo. Nyundo ndilo jina watu walilompa dada kwa jinsi alivyokuwa akianzisha mpira wa tenisi: alikuwa anaurusha juu, anajikunja kidogo, kisha anauteremsha kama mtu anayepigilia msumari. Kocha akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Yule binti ana mkono, hana moyo," alisema. "Akiona mechi inamwelemea, anaumwa. Mimi sifundishi watu kuumwa."

Waandishi wakacheka. Mteja wa baba naye akacheka kidogo, halafu akakumbuka amekaa kwenye kiti cha nani na wembe uko wapi, akanyamaza.

Dada alikuwa nyumba ya nyuma, amelala. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa ametoka hospitali wiki ileile, na Kocha hakuwa amekanyaga hospitali hata mara moja.

Ili uelewe kwa nini maneno yale yalituunguza, lazima ujue Kocha alikuwa nani kwetu. Alianza kama mteja. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kunyolewa ndevu, na kila Jumamosi chupa za mafuta zilikuwa zikitetemeka rafuni kwa sababu dada, akiwa mtoto wa shule ya msingi, alikuwa anapiga mpira kwenye ukuta wa nyuma kwa raketi iliyookotwa na mjomba.

"Nani huyo anayekubomolea nyumba?" Kocha akauliza siku moja, povu limemjaa usoni.

"Mwanangu," baba akasema. "Nimechoka naye. Mchukue."

Ilikuwa utani. Lakini Kocha alisimama na povu lake, akatoka nje na taulo shingoni, akamwangalia dada kwa muda mrefu sana. Aliporudi povu lilikuwa limekauka. "Nimemchukua," akasema.

Na kweli alimchukua. Alimfundisha kusimama, kukimbia, kupumua. Alikula kwetu, mama alikuwa anamwekea sahani yake hata akichelewa. Mimi nikifeli mtihani, mama alinipeleka kwake ndiye anigombeze, maana baba hakuwa na sauti ya kugombeza. Tulimwita Kocha kama wengine wanavyomwita mtu Baba Mkubwa. Dada alipoanza kucheza mashindano ya kulipwa, mimi nikaacha chuo nikawa nazunguka naye: kufua, kupika, kubeba mabegi, kufunga nyuzi za raketi, kumwamsha. Tuliishi kwenye vyumba vya wageni vyenye mapazia yanayonuka moshi, tukafua sketi zake kwenye beseni la kunawia, tukalala viwanja vya ndege tumelaliana. Dada akapanda. Mwaka baada ya mwaka alikuwa anapanda, mpaka akaingia kwenye orodha ya wachezaji hamsini bora duniani, na nyumbani watu waliokuwa wakinyolewa kwa jirani wakahamia kwa baba.

Halafu kifundo cha mkono kikaanza kuuma.

Nilikuwepo mara ya kwanza alipomwambia. Tulikuwa kwenye chumba cha kukandwa, dada amekaa juu ya kitanda kile chembamba, mkono ameupakata kama mtoto mchanga.

"Kocha, kuna kitu kinakatika humu ndani."

"Kinachokatika ni hamu yako," Kocha akajibu. "Kesho utacheza."

Akamleta daktari wake, mtu mmoja mpole anayetembea na kijibegi cheusi. Daktari akachoma sindano, maumivu yakaondoka, dada akacheza. Ikawa hivyo msimu mzima. Sindano, mechi, barafu, sindano. Kila dada alipotaka kupumzika, Kocha alimwambia kwamba nje kuna wasichana mia wanaosubiri nafasi yake. Mpaka siku moja, kwenye robo fainali, dada akaanzisha mpira na raketi ikaruka peke yake, ikaenda kutua kwenye miguu ya mwamuzi. Dada alisimama akiutazama mkono wake kama si wake. Madaktari wa hospitali walituambia kano ilikuwa imechanika siku nyingi, na zile sindano zilikuwa zinaifunika tu huku inaendelea kumalizika.

Huyo ndiye aliyekuwa kwenye televisheni akisema hafundishi watu kuumwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja kunyolewa.

Naapa alikuja. Alisukuma mlango kama kawaida, akasalimia kama kawaida, akaketi kwenye kiti chake. Nadhani alifikiri sisi ni watu wa kumeza. Baba alimfunga kitambaa shingoni, akampaka povu taratibu, akanoa wembe. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaacha kupumua. Mimi nilikuwa nafagia nywele, nikabaki nimeshika ufagio.

Baba akanyoa shavu la kulia likawa safi kama sahani. Akafika kwenye kidevu, wembe ukasimama katikati ya koo. Kocha akafumbua macho.

"Mzee mwenzangu," Kocha akasema polepole, "biashara ni biashara."

"Ndiyo," baba akasema. "Ndiyo maana nimefunga." Akafuta wembe, akamfungua kitambaa. "Inuka."

"Hujamaliza."

"Wewe uliponiachia mwanangu nusu, ulimaliza?"

Kocha akatoka na nusu ya ndevu na povu upande mmoja. Mtaa mzima ulimwona akitafuta funguo za gari. Kesho yake watoto walikuwa wanaigiza jinsi alivyotembea, na mimi nikiwapa pipi warudie.

Nilimkimbilia dada kumhadithia. Nilifikiri atacheka mpaka alie. Hakucheka. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Sasa hivi anafundisha nani?"

Alikuwa amefungua shule yake ya tenisi, na wasichana wanne ndani, kila mmoja amechukuliwa kutoka mahali fulani. Aliyekuwa mboni ya jicho lake ni binti mdogo mwenye miguu mirefu ambaye magazeti yalimwita Swala.

Mama alikuwa ameketi kitandani anamlisha dada uji. Mama anauza vitambaa, na ni mtu wa kusamehe. Hata mteja anayempasulia kitambaa anamwambia pole wewe. "Mwanangu," akasema, "mwachie Mungu. Msamehe, upone."

"Nitamsamehe, mama," dada akasema. "Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Wale alionao. Mmoja mmoja."

Mama akaweka kijiko chini. Mimi, sitasema uongo, nilifurahi.

Mkono ulichukua karibu miaka miwili kurudi. Ulianza kwa kushika kikombe. Kisha dada akawa anazamisha mkono kwenye ndoo ya mchele, anafumba na kufumbua ngumi mpaka jasho linamtoka. Tulitafuta mwanamke mmoja aliyestaafu kucheza, asiyependa maneno, akawa mkufunzi wake. Yeye ndiye aliyemwambia ukweli siku ya kwanza: "Nyundo imekufa. Ukitaka kucheza, lazima uwe mtu mwingine."

Akawa mtu mwingine. Zamani dada alikuwa anapiga. Sasa akawa anachimba. Alijifunza kurudisha kila kitu. Mpira wa chini, wa juu, wa kona, anaurudisha tu, taratibu, kwa mikono miwili, mpaka mpinzani anaanza kuongea peke yake. Mechi zake zilikuwa hazitazamiki. Watu walikwenda kununua soda wakarudi wakakuta mpira uleule bado unazunguka.

Akaanza upya chini kabisa, kwenye mashindano ambayo watazamaji ni wazazi wa wachezaji na mbwa. Hakuwa na haraka. Kila ratiba ikitoka, alikuwa haangalii anacheza na nani. Anaangalia wasichana wa Kocha wako upande gani.

Wa kwanza alimpata kwenye mji mmoja wenye upepo mkali. Msichana mrefu, mwenye mapigo makali na subira ya mtoto. Dada alimchimba mpaka jua likazama. Msichana alipokosa mpira wa mwisho, alivunja raketi yake chini. Dada akampa mkono kwenye wavu, akampa mkono mwamuzi, kisha badala ya kwenda kwenye kiti chake akatembea hadi jukwaa walipokaa watu wa msichana yule. Kocha alikuwa safu ya mbele. Dada akanyanyua mkono wa kulia, akaugeuza ili kovu lionekane, lile linalopanda kutoka kiganjani kama mdudu mrefu.

"Mkono unakusalimia, Kocha," akasema.

Basi. Akaokota taulo lake akaondoka. Mimi nilibaki nimekaa nikimwangalia Kocha, na uso wake ulinishibisha kuliko chakula cha siku ile.

Mechi iliyofuata dada alipigwa na msichana asiyejulikana hata na ndugu zake. Alicheza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilidhani ni uchovu. Lakini wa pili alipompata, ikawa hivyo hivyo: alimmaliza msichana wa Kocha, akatoa salamu yake, na kesho yake akapigwa na mtu mwingine bila hata kukunja uso. Wa tatu, vilevile. Mkufunzi wetu akamjia juu.

"Unacheza tenisi au unawinda?" akamwuliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Una uwezo wa kuchukua kombe. Unatoka uwanjani umeshiba kabla ya chakula."

"Sikuja kuchukua kombe," dada akasema huku akifungua viatu.

Waandishi wa magazeti walishajua. Waliandika kuhusu salamu ya mkono, wakatafuta picha za zamani, wakauliza maswali ambayo hawakuuliza siku ile walipocheka. Wazazi wengine wakaanza kuwatoa mabinti zao kwenye shule ya Kocha. Yeye alizidi kutabasamu kwa upande mmoja na kusema, "Atakutana na Swala. Mwacheni akutane na Swala."

Swala alikuwa kweli moto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anakimbia kama hagusi chini, na alianzisha mpira kwa namna ambayo iliniuma kuitazama, kwa sababu ilikuwa ileile: anaurusha juu, anajikunja kidogo, anauteremsha. Kocha alikuwa amemtengenezea nyundo ya dada yangu.

Walikutana nusu fainali ya mashindano makubwa, uwanja umejaa mpaka ngazini. Baba alifunga saluni na kusafiri. Mama alikataa kuja, alisema hawezi kutazama. Asubuhi ile dada alikula mkate mkavu na chai. Nilimfunga nywele. Shingo yake ilikuwa ya baridi.

Seti ya kwanza Swala alimfagia. Ile mipira ya kuanzisha ilipita kabla dada hajanyanyua mguu. Kocha alikuwa anapiga makofi kwa ustaarabu, vidole vinne juu ya kiganja. Baba, pembeni yangu, alikuwa anatafuna ukucha wa kidole gumba.

Mwanzoni mwa seti ya pili niliona dada ameacha kuangalia mpira. Alikuwa anamwangalia Swala. Wakati wa kubadilishana upande, Swala alikaa kwenye kiti chake akaingiza mkono chini ya taulo lililokuwa begani, akawa anajibonyeza kisirisiri, huku taya limekaza. Akatoa kidonge kwenye mfuko wa begi, akameza bila maji. Kisha akamtazama Kocha. Kocha akaitikia kwa kichwa mara moja tu: endelea.

Dada aliona. Mimi nikaona kwamba dada ameona. Uso wake ulibadilika, na kwa sekunde chache nilifikiri ataenda kumwita mwamuzi, kwa sababu nani duniani alijua maumivu yale kuliko yeye?

Alisimama, akarudi uwanjani, na akapiga mpira wa juu.

Mpira wa juu unaopaa na kudondoka nyuma una jibu moja: unyooshe mkono wote juu ya kichwa, bega lifunguke mpaka mwisho, uufyatue chini. Swala aliufyatua. Alipata pointi, watu wakashangilia. Dada akapiga mwingine. Swala akaufyatua tena, akapata tena, lakini safari hii alikunja uso. Dada akapiga mwingine. Na mwingine. Hakujali pointi. Alikuwa anamlipa Swala pointi ili alinunue bega lake.

Na kila mpira ulipokuwa angani, dada hakuwa anautazama. Alikuwa anamtazama Kocha.

Taratibu ile nyundo ya Swala ikafifia. Mipira ya kuanzisha ikawa laini, ikawa inaangukia wavuni. Dada akachukua seti ya pili. Watu walishagundua, wakaanza kuzomea. "Aibu! Aibu!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma yetu. Baba akageuka akamwambia, "Mwambie na yule pale aliyekaa mbele!" Sauti yake, mtu asiyejua kugombeza, ilisikika safu kumi.

Nami niliipenda kila sekunde. Lazima niseme hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila Swala aliposhika bega nilikuwa naona dada amelala na bandeji, naona waandishi wakicheka, na moyo wangu unasema: bado.

Kwenye seti ya tatu Swala alikuwa analia bila sauti huku anacheza. Alimgeukia Kocha akanyoosha kidole begani. Kocha akanyoosha kidole uwanjani. Dada akapiga mpira wa juu sana, ulipaa mpaka ukaonekana kidoa. Swala akarudi nyuma, akanyoosha mkono, akaupiga, na akaanguka chini pamoja na raketi. Kilio alichokitoa sijawahi kukisikia tena.

Dada akaruka wavu. Akapiga magoti karibu naye. Mimi sikusikia walichosema. Dada alinieleza baadaye. Alimwuliza, "Kwa nini hukuacha?" Swala akamjibu huku meno yanagongana, "Alisema nikiacha nitakuwa kama wewe."

Walimtoa kwenye machela. Mwamuzi akatangaza dada ndiye mshindi, na uwanja mzima ukazomea. Dada akatembea mpaka safu ya mbele. Kocha alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Umemvunja," Kocha akasema. "Umemvunja mtoto."

Nilisubiri salamu. Dada hakunyanyua mkono.

"Tumemvunja mimi na wewe," akasema. "Ila wewe ndiye uliyenifundisha."

Fainali hakucheza. Alimwambia msimamizi kwamba mkono unamuuma. Haukuwa unamuuma.

Alitaka kwenda hospitali, na mimi nikamwambia asiende. "Unaenda kufanya nini? Yule ni wake. Ni wa nne. Umemaliza." Akaniangalia kana kwamba nimeongea lugha ya kigeni, akachukua koti. Nikamfuata, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Swala alikuwa kwenye chumba cha mwisho wa korido, bega limefungwa, macho yamevimba. Alipomwona dada aligeukia ukutani. Mama yake, mwanamke mfupi aliyevaa sare ya mhudumu wa benki, alisimama mlangoni.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" akauliza.

"Nimekuja," dada akasema. "Mwenzangu hajaja?"

Kocha hakuwa amekuja. Alikuwa ameshatoa tamko kwa waandishi kwamba Swala alificha maumivu yake, kwamba wasichana wa siku hizi hawasemi ukweli kwa walimu wao. Mama yule alikuwa amelisikia kwenye redio ya teksi akija hospitali.

"Aliyemchoma sindano ni mtu mpole?" dada akauliza. "Ana kijibegi cheusi?"

Kule ukutani Swala akageuza kichwa.

Kikao cha kamati ya nidhamu ya shirikisho kilifanyika kwenye ukumbi wenye zulia la kijani na feni isiyofanya kazi. Kocha alikuja na wakili na tabasamu lake. Dada alizungumza kwanza, bila machozi, kama anayesoma habari. Halafu Swala, mkono kwenye kitambaa cha kuning'iniza, na sauti yake ikawa inapotea na kurudi. Wakili akasimama akasema hao ni wachezaji wawili wenye chuki, mmoja amemjeruhi mwenzake mbele ya dunia nzima, sasa wanatafuta wa kumtwika.

Ndipo mlango ukafunguliwa wakaingia wale wengine. Yule mrefu aliyevunja raketi, na wawili waliofuata. Wasichana ambao dada aliwachimba mpaka wakalia, mmoja mmoja. Hakuwa amewaita, mama yake Swala ndiye aliyewapigia simu. Walikaa safu ya nyuma, na wote watatu, walipoulizwa, walimtaja daktari yuleyule na sindano ileile. Yule mrefu alimwonyesha mwenyekiti goti lake. Nilimtazama Kocha. Tabasamu la upande mmoja lilishuka kidogo kidogo, kama pazia lililokatika kamba.

Walimfungia maisha. Yeye na daktari wake. Shule ikafungwa, bango likateremshwa, na leo pale wanauza vifaa vya magari. Nimepita pale mara nyingi. Hata nisipokuwa na safari ya upande ule, napita.

Tulipokuwa tunatoka ukumbini siku ile, watu wanapongezana kwenye ngazi, dada alimsogelea Swala. Nadhani alitaka kumshika mkono. Swala akarudi hatua nyuma.

"Usidhani tumeshakuwa marafiki," akasema. "Yeye alinidanganya. Wewe uliniona. Uliniona naumwa na ukaendelea kupiga."

"Ndiyo," dada akasema.

"Nikipona nitakutafuta."

"Pona," dada akamwambia. "Nitakuwa nacheza."

Na hiyo ndiyo sababu iliyomfanya dada aendelee kucheza, wakati kila mtu, mkufunzi mwenyewe akiwemo, alikuwa anamwambia apumzike. Magoti yalikuwa yanalalamika. Alikuwa anapigwa na watoto. Mama alikuwa anauliza kila simu, "Sasa unasubiri nini huko?" naye anajibu, "Kuna mtu nimemwahidi." Nilijua ni nani, na nilichukia. Niliona tumeshalipa. Niliona sisi ndio tuliodhulumiwa kwanza na hilo linatosha.

Swala alirudi baada ya mwaka na kitu. Ratiba iliwakutanisha raundi ya kwanza kabisa, kwenye uwanja wa pembeni, karibu na mabomba ya maji, watazamaji wachache. Hakuna aliyeijali mechi ile isipokuwa sisi.

Swala alikuwa amebadilika. Hakuwa na ile nyundo tena. Bega halikurudi lote. Alikuwa anachimba. Alimrudishia dada kila kitu, na alipoona magoti ya dada yameanza kuchoka, akaanza mipira ya juu. Mmoja baada ya mwingine. Dada akirudi nyuma kwa kuchechemea, anafyatua, anakosa, anarudi tena. Hata alipokuwa anaongoza kwa mbali kabisa, hata pale ambapo pigo lolote la kawaida lingemaliza kazi, Swala alipiga mpira wa juu, akasimama katikati ya uwanja akimtazama dada akiukimbilia. Dada alipata gemu moja tu mechi nzima. Kwenye wavu walipeana mikono, wakatazamana.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo niliwaka. Nilitupa taulo, nilipiga kabati teke.

"Alikuwa na haja gani? Ulishashindwa! Ulikuwa huwezi hata kusimama! Alitaka uanguke?"

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi, mifuko ya barafu imefungwa kwenye magoti yote mawili. Alikuwa anacheka. Kicheko cha kweli, cha tumbo, ambacho sikuwa nimekisikia tangu chupa zilipokuwa zikitetemeka saluni.

"Ulitaka anionee huruma?" akaniuliza.

"Ndiyo!"

"Mimi ningemdharau." Akajifuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. "Nifungulie viatu, mdogo wangu. Vidole vimekataa. Halafu mpigie mama mwambie nakuja nyumbani."

Nikamfungulia viatu. Alipumua kwa kirefu, akaegemeza kichwa ukutani, na kabla sijamaliza kiatu cha pili alikuwa amesinzia.

Tulipotoka, maegesho yalikuwa karibu matupu. Swala na mama yake walikuwa wanahangaika na mabegi ambayo hayaingii kwenye buti ya gari dogo, na Swala hawezi kunyanyua kwa bega lile.

"Wasaidie," dada akaniambia.

Nikaingia kwenye gari letu, nikafunga mlango. Kupitia kioo nilimwona dada akichechemea kwenda kule peke yake, akisogeza hili, akigeuza lile, akibana begi la raketi kati ya viti. Swala akasema kitu, dada akajibu. Mama mtu akacheka. Sikushusha kioo kusikia.